Koki ya Tangi la Choo

Verlin alipostaafu alinunua trela kuukuu la kuishi safarini, akalikarabati mwenyewe: sakafu mpya ya taili, taa mpya, rangi nyeupe pe. Kambini Arizona aliunganisha bomba la maji machafu na shimo la majitaka la kambi, akaiacha wazi koki ya tangi la choo.

"Funga bwana, mpaka lijae ndipo ulimwage," mkewe Noreen alimwambia.

"Ya nini? Si linajimwaga lenyewe!"

Maji yalijimwaga kweli. Kinyesi kikabaki ndani ya tangi, kikakauka, kikarundikana kichuguu mpaka kikachungulia chooni. Uvundo huo! Noreen alitapika kwenye zile taili mpya, akakimbilia nje.

Aliporudi ndani alimkuta Verlin amepiga magoti, anakichokonoa kwa mwiko wa mkewe wa kusongea.

"Nitauosha," Verlin alisema.

"Uoshe vizuri," Noreen akajibu. "Kuanzia leo mpishi wewe, mlaji wewe."