Rashidi wetu, aliyepata mke kwa mizizi ya ngano

Leo asubuhi nimeshika simu nimpigie Rashidi, nimwambie kwamba Rashidi amefariki. Akili yangu bado haijakubali, jamani.

Wengi mnamjua kama yule mzee wa mtaa wa Bel-Air aliyesalimia kila mtu njiani mpaka akachelewa alikokuwa akienda. Mimi nilimjua kijana, enzi za Zaire, tukifanya kazi pamoja kwenye shamba la majaribio la ngano nje ya Lubumbashi. Mji mzima ulizungumza shaba. Sisi walituita "les boulangers", waoka mikate!

Rashidi alikuwa na wazo lake: mabua ya mahindi yasichomwe. Yatandazwe yafunike udongo usikauke, ngano ipandwe humohumo, na fosfati iwekwe chini, karibu na mbegu.

"Odette," aliniambia, "fosfati haitembee. Mizizi njo inaifwata. Na mu udongo ya kukauka, mizizi haiendi fasi ya mbali."

Shefu, mkuu wetu wa shamba, alimpa kipande kidogo cha kujaribia, akicheka.

Wakati huo Rashidi alishampenda Zaina, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo, watu wa Maniema kama kina Rashidi. Baba yake Zaina akasema hatoi jibu la posa kabla ya kuona hiyo kazi kwa macho yake.

Akaja Jumapili moja. Mon Dieu, wiki mbaya kuliko zote! Ngano ya kwenye mabua ilikuwa imegeuka manjano. Ya upande wa pili, uliochomwa mabua, ilikuwa kijani, inang'aa. Shefu alishaamua: kesho trekta ipite, kipande cha Rashidi kilimwe upya.

Mzee akatazama huku, akatazama kule. "Mutoto yangu, yako njo hii ya mugonjwa?"

 Rashidi akapiga magoti kwenye tope, na abakosti yake mpya, suti ya heshima ya enzi hizo, akaanza kuchimba.

"Yo! Ile abakosti nilishona miye!" Mzee alishika kichwa. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Rashidi aling'oa ngano ya pande zote mbili, akaosha mizizi kwenye beseni. Ya upande uliochomwa ilikuwa mifupi, imejikunja. Yake ilikuwa mirefu, myeupe, yenye vinywele tele.

"Baba, mabua inapooza, inakula mbolea mbele ya ngano. Ngano inabakia na njaa kidogo. Itapita. Angalia chini."

Mzee akaipitisha mizizi vidoleni taratibu, kama anavyopima uzi. Akavuta. Haikukatika.

"Hii iko muzuri," akasema. "Na weye uko na roho ya kungoja. Zaina naye anapenda kuchelewa."

Kesho yake Rashidi akaweka mizizi ile, ikidondosha maji, juu ya meza ya shefu. Trekta haikupita. Wiki chache baadaye manjano yakaisha, na wakati wa kuvuna kipande chake ndicho kilichotuinamisha zaidi migongo.

Harusini tulikula mikate ya ngano ile. Ilikuwa migumu, bya kweli! Hakuna aliyebakiza.

Jana baada ya mazishi, Zaina alitusimulia namna Rashidi alivyokuwa akimwimbia jikoni, kwa sauti mbaya kabisa, miaka yote hiyo. Tulicheka na kulia pamoja.

Rashidi, kaka yangu, Mungu akupokee. Lala kwa raha. Zaina hayuko peke yake; leo ni zamu yangu kukaa naye, na tayari ameanza kuimba.