Septemba ni ya Wageni

Perina Baljkas hakuwahi kuoga bahari nyingine zaidi ya ile ya mji wake wa Šibenik, lakini kwenye suala la lini mtu aje kuiona, hakuna aliyemfikia. Kila mwaka, Januari ikishaisha, barua za wageni wa kukodi vyumba vyake zilimmiminikia kutoka Austria na Ujerumani, zote zikiuliza jambo moja: tuje lini? Naye kila mtu alikuwa na lake la kumwambia. Mwenye ugonjwa wa moyo alimwita Mei, kabla mawe ya ngazi hayajaanza kuchoma nyayo. Maharusi aliwapa Juni. Mtu mgomvi, na Perina alidai mgomvi humjua kwa mwandiko tu, alimwambia aje Novemba, apambane na bura, ule upepo wa kaskazini unaong'oa vigae, labda utamnyoosha.

Waliobaki wote, ambao ndio wengi, aliwajibu maneno yale yale: "Njooni katikati ya Septemba. Bahari bado ina joto la Agosti, watu wamepungua, na tini zimeiva."

Tusidanganyane. Yalikuwa maneno ya kweli, lakini yalikuwa pia maneno ya biashara. Julai na Agosti vyumba hujaa vyenyewe, hata ukikodisha banda la kuku atatokea Mjerumani wa kulichukua. Septemba ndiyo iliyohitaji kusukumwa, na Perina aliisukuma miaka na miaka bila kuchoka.

Kwa Kijerumani hakujua kuandika hata jina lake. Aliyeandika alikuwa binti yake wa pekee, Vinka, tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Mama anamenya viazi na kutamka, mtoto yuko mezani na kalamu, anatafsiri huku akiguna. Wakifika kwenye yale maneno ya Septemba na joto la Agosti, mtoto hakungoja hata kutamkiwa.

Na majira ya joto yakija, nyumba ile iligeuka kama zilivyogeuka nyumba zote za mtaa. Wenyewe walihama. Kitanda kizuri, shuka za harusi, dirisha la kuonea bahari, vyote vilikuwa vya mgeni. Šime, mume wa Perina, alibeba godoro lake akalala stoo pamoja na nyavu na pipa la mvinyo. Perina na Vinka walilala jikoni, sakafuni, godoro moja. Vinka upande wa ukutani, Perina upande wa mlangoni, kwa sababu wageni walikuwa na tabia ya kuja kutafuta maji gizani, na Perina alitaka atakayekanyagwa awe yeye. Chumba walichokodisha kwanza kila mwaka, kwa kuwa ndicho kilichotazama bahari, kilikuwa chumba cha Vinka.

Akiwa na miaka ishirini na miwili Vinka aliolewa na kijana wa mtaa wa pili, wakahamia Kanada. Siku ya kuondoka, mkoba begani, alimwambia mama yake huku anacheka kwamba sasa anakwenda mahali ambapo kitanda chake kitakuwa chake mwaka mzima. Perina naye alicheka. Lakini neno lile lilimwingia, likakaa. Kila Juni akitandika kitanda kile kwa ajili ya mtu mwingine alilisikia upya, na kila Juni alijiambia: wewe mwanamke, mtoto mmoja tu ulikuwa naye, na ukamlaza chini.

Vinka alirudi mara moja tu, kumzika baba yake. Ilikuwa Februari, siku tatu, bura ikivuma kiasi kwamba makaburini mama na binti walishikana mikono wasiweze kusikilizana. Kisha akaondoka tena. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minne huko Kanada, barua yake ilipokuja ikiwa na maneno machache: Mama, mwaka huu nimepata likizo ya wiki mbili. Wakati gani ni mzuri nije?

Perina aliibusu ile karatasi. Akakaa saa ile ile kujibu, na mbele yake palikuwa na barua nyingine tano za wageni, zikingoja mtu wa kumwandikia majibu kwa Kijerumani. Kwa furaha hakutaka kuchelewa hata siku moja, na mkono ukaandika yale ambayo mdomo ulizoea kutamka: Njoo katikati ya Septemba. Bahari bado ina joto la Agosti. Akafunga bahasha, akakimbia posta.

Wiki mbili baadaye simu ililia. Ni Vinka, na mwanzoni alikuwa anacheka. Akamsomea mama yake barua yake mwenyewe, sentensi moja moja, mpaka zile tini zilizoiva. Kicheko kikaisha.

"Mama, maneno haya nayajua. Niliyaandika mimi, hapo hapo mezani, mpaka kidole kikaota sugu."

Perina akasema lakini ni kweli, mwanangu, Septemba ni nzuri.

"Najua ni nzuri. Sikuuliza kama mgeni. Nilitaka kujua wewe unanitaka lini."

Perina alisema ana sufuria motoni, atampigia. Motoni hapakuwa na kitu. Alikaa akitazama ile meza, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona hata siku mgeni alipokuta nge kitandani. Mwanawe amemuuliza swali la mapenzi, naye amemuuzia Septemba.

Akilia alivuka uchochoro kwenda kwa jirani yake Palmira, akamwambia kwamba Vinka atakuja Julai, wiki mbili za mwanzo, na atalala chumba cha mbele, kile chake cha zamani kinachotazama bahari.

"Julai?" Palmira akaweka chini kikombe chake cha kahawa. "Na akina Pichler je? Perina wee, jua limekupiga mapema mwaka huu."

Ilikuwa haki yake kushangaa. Mzee Pichler na mkewe, watu wa Graz, Austria, walichukua wiki zile mbili tangu Vinka akiwa shuleni. Vita vilipokwisha wao ndio walikuwa wageni wa kwanza kurudi, tena na boksi la dawa mkononi. Mtu wa namna hiyo humfungii mlango. Perina alijua hivyo, na bado alipiga simu, kwa kile Kijerumani chake cha kuombea chumvi. Chumba hakuna, alisema. Mtoto wangu anakuja.

Mama Pichler akauliza, kwa upole, kama labda wangeweza kuja Septemba.

Perina akamwambia ndiyo, Septemba nzuri sana, bahari bado ina joto la Agosti. Alipokata simu alijicheka, machozi bado yako shavuni. Kisha akampigia binti yake.

"Njoo Julai," akasema.

"Julai si kumejaa wageni?"

"Hakuna mgeni. Chumba cha mbele ni chako, na dirisha lake."

Basi Julai hiyo, kwa mara ya kwanza tangu vita, kile kipande cha boksi kilichoandikwa "Vyumba" hakikutundikwa mlangoni. Perina alifua shuka za harusi yake, akazianika juani, akazipiga pasi mara mbili. Vinka alifika na mvi kichwani, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemtaarifu mama yake. Walikula dagaa wa kuchoma, viazi na mboga ya majani, wakacheka habari za marehemu Šime na nyavu zake. Kisha Perina akampeleka chumbani. Vinka alisimama dirishani muda mrefu. Perina akamwacha, akaenda kulala chumba cha nyuma, kwenye kitanda chake mwenyewe. Kulala kitandani mwezi wa Julai, ukiacha miaka ya vita, hakuwa amewahi tangu alipoanza kukodisha. Akajigeuzageuza.

Alfajiri kulipokucha alikwenda jikoni kuchemsha kahawa, nusura aanguke. Godoro la stoo lilikuwa sakafuni, na Vinka juu yake, macho wazi.

Kila alichokipiga pasi alikiona kimekataliwa. Akauliza kama kitanda kilimuumiza.

"Kitanda ni kizuri, Mama. Ni usingizi tu uliokataa."

"Kwa nini ushuke sakafuni kama zamani? Nimejilaumu miaka yote kwa sakafu hii."

Vinka akakaa kitako, akaondoa nywele usoni. "Nilipoondoka nilisema upuuzi, nilikuwa mtoto. Miezi mingine yote nililala kule mbele peke yangu nikisikiliza upepo. Wageni wakija ndipo nililala na wewe. Huko Kanada, nikikumbuka nyumbani, nakumbuka hapa. Nilingoja unitajie Julai."

Akalala tena. Perina alibaki amesimama na birika tupu mkononi, akamtazama mwanawe huyu mwenye mvi. Alikuwa amelala upande wa ukutani, amejibana, na nusu nyingine ya godoro ameiacha wazi.

Perina akaweka birika chini, akavua viatu, akalala upande wa mlangoni.