Dawa ya Pamba Kichwani

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia katika duka langu la dawa hapa Kagongwa akauliza ni dawa ipi ya chawa yenye nguvu zaidi. Nilimpa ile ya kuoshea nywele, nikamweleza mara mbili namna ya kuitumia, kisha nikakaa chini.

Mimi na mdogo wangu tulikulia kwa bibi, kijijini upande wa Maganzo, wakati mama yuko Geita akiwapikia wachimbaji. Kila kiangazi tulishikwa na upele. Bibi alichanganya unga wa salfa na samli, akatupaka kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo. Ilinuka kama kiberiti kilichozimwa, shuka zikawa za njano, lakini haikuumiza. Zahanati nako walitoa dawa nyeupe kama maziwa. Hiyo ilichoma kwenye vidonda kama pilipili, tuliruka uani huku bibi akicheka na kusema, "Dawa isiyowasha ni maji tu." Upele uliisha upesi, nasi tukaamini maneno yake.

Kisha wakaja chawa. Mwalimu alimrudisha mdogo wangu nyumbani, akaagiza anyolewe. Alikuwa na nywele nyingi, alizipenda, akalia kutwa. Bibi alikuwa ameenda mnadani. Jirani yetu, mtu mwema kabisa, alikuwa ametoka kupulizia pamba yake. Alituonea huruma, akatumiminia dawa kidogo kwenye kikopo.

"Hii inaua funza wa pamba," alisema. "Chawa itawashindwaje?"

Nilimpaka mimi. Nikamfunga kichwa kwa mfuko wa nailoni.

"Dada, inawasha."

"Ndiyo inafanya kazi. Vumilia, mayu, mama yangu."

Akavumilia. Alikuwa mtoto msikivu.

Haukupita muda mate yakaanza kumtoka, akatetemeka, akasema haoni vizuri. Jirani alimpakia kwenye baiskeli akaenda naye mbio zahanati. Alirudi akiikokota ile baiskeli polepole, mdogo wangu amefunikwa kitenge cha mtu.

Jirani aliwaambia wazee wote kwamba dawa ilikuwa yake. Hakuna aliyeuliza nani aliyepaka. Jioni ile bibi alileta beseni, akaniosha mikono kwa sabuni ya mche, akamwaga maji, akaniosha tena, na tena. Nilingoja miaka yote aniulize, hadi tukamzika.

Nyumba yake imeanguka. Shamba la jirani sasa ni la alizeti, na yeye alihama, sijui yu wapi. Mama naye hayupo. Picha ya mdogo wangu hatukuwahi kupiga. Kama alikuwa na kovu au mwanya, hakuna wa kumuuliza. Waliomjua wamekwisha, nimebaki mimi, na mimi ndiye niliyempaka.