Kidole cha Kuonjea Pasi

Dobi yule mtaa mzima ulimwita Mzee Nyoosha, na jina lilimkaa. Shati lingeingia kibandani kwake limejikunja kama limelaliwa na mbuzi, likatoka limenyooka mpaka mwenyewe anaona haya kulivaa. Kitufe cha joto kwenye pasi yake kilikufa zamani, wala hakuhangaika kukitengeneza. Alionja kwa kidole cha mkono wa kulia, chap, akajua: hili la pamba, hili la hariri.

Kisha kiharusi kikamwangusha. Maneno yalirudi, mguu ukarudi kiasi, lakini mkono wa kulia ulijikunja kifuani, ngumi ikajifunga, kucha zikala kiganja. Mkewe alikuwa akivifungua vidole kimoja kimoja ili apate kumwosha.

"Hebu niachie, mzee, umenificha nini humu?" alimtania.

Mzee alicheka, halafu akageukia ukutani akalia. Mtu aliyewanyooshea watu nguo miaka yote, leo anafungwa vifungo vya shati!

Hospitali walimdunga sindano za kulegeza misuli. Daktari alisema waziwazi, "Mzee, hii italegeza mkono. Kuhusu kuhisi, siwezi kukuahidi." Wee! Nani aliisikia hiyo ya pili? Alirudi nyumbani na ile ya kwanza tu. Siku zikapita, ngumi ikalegea, na asubuhi ile vidole vilipofunguka hata chai hakuitaka.

"Kafungue kibanda," alimwambia mkewe.

Mkewe alichomeka pasi, akaisimamisha mezani, akageuka kukung'uta vumbi. Mzee akaunyanyua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akagusisha kidole kwenye chuma. Akangoja. Akaongeza cha pili. Mwishowe akabandika kiganja kizima.

"Mama watoto, umeme umekatika?"

"Ukatike wapi, na taa inawaka?" Akanusa, akageuka. "Mungu wangu! Toa mkono, baba! Toa!"

Mkewe akauvuta mwenyewe. Ngozi ilibaki kwenye chuma. Akakimbilia maji, akawa anammwagia huku analia, pole mume wangu, pole, inauma sana?

Mzee Nyoosha alikikodolea macho kile kiganja kilichoiva.

"Haiumi," alisema. "Mama watoto, haiumi hata chembe." Akaanza kulia kwa sauti, mlango wazi, wateja waliovutwa na kelele wakimwangalia.