Gari Lililofungwa Igowole

Gari langu lilianza kunizimikia njiani msimu mmoja wa mvua ndefu. Ni stesheni wagoni ya Kijapani, kuukuu, rangi ya maziwa, na nimekwenda nalo kufundisha miaka mingi hapa Mbeya. Nikitoka nyumbani Ilomba lilikwenda vizuri tu, ila likishapata moto linakata, na haliwaki tena mpaka lipoe. Fundi wangu alifungua boneti, akainama humo kwa muda, akatoka akifuta mikono.

"Madam, distributa imekufa. Na ya gari hii hapa mjini haipo."

Distributa ndiyo inayogawa moto kwa plagi moja baada ya nyingine. Magari ya siku hizi hayana. Tukaanza kuhangaika. Kariakoo walituma iliyofanana kabisa kwenye picha, ikafika, ikagoma kuingia. Nikaagiza nyingine mtandaoni, ikaja ya injini nyingine kabisa. Baadaye nilikwenda Iringa mjini kwenye semina ya walimu, na mchana wa mapumziko nikazunguka maduka ya spea. Muuzaji mmoja aliitazama picha kwenye simu yangu kwa muda mrefu kuliko wenzake wote.

"Gari kama hii naijua moja tu," akasema. "Iko Igowole, kule Mufindi, kwa bibi mmoja. Haijaguswa tangu mzee wake apotee."

Nilidhani anamaanisha kufariki.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na fundi kwa pikapu yake. Tulipoiacha barabara kuu pale Nyololo ukungu ulikuwa umeshatanda, na kadiri tulivyoingia Mufindi ndivyo ulivyozidi. Ilikuwa saa sita mchana, lakini fundi alikuwa amewasha taa. Nyumba ya bibi hatukuiona mpaka tulipofika uani kwake. Alikuwa amesimama mlangoni, sweta juu ya kitenge.

"Kamwene," nikamsalimu.

"Kamwene, mwanangu. Ingieni, kuna baridi."

Alitupatia chai, nikampa sukari na sabuni nilizombebea, kisha nikamweleza shida yetu. Alisikiliza akitazama moto.

"Gari ipo," akasema. "Ila ufunguo mzee wangu aliondoka nao. Ilikuwa asubuhi, ukungu kama huu. Alifunga gari, akaniambia anashuka vinyunguni, bustani zetu za bondeni, kuangalia mahindi. Kijiji kizima kilimtafuta kule bondeni. Hakuna kiatu, hakuna jembe. Hatujazika mtu. Hata matanga hatujakaa."

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya banda la bati, limekalia matairi yasiyo na upepo. Lilikuwa kama langu, hata rangi. Vioo vyote vilikuwa vyeupe, huoni ndani. Fundi akafuta kimoja kwa mkono wa koti lake, pasibadilike kitu.

"Ukungu uko kwa ndani," akasema polepole.

Boneti ya gari lile hufunguliwa kwa kuvuta mkono ulio chini ya usukani, kwa hiyo ilikuwa lazima kwanza tufungue mlango. Fundi akashauri avunje kile kioo kidogo cha nyuma.

"Kioo hapana," bibi akasema.

Nikatoa ufunguo wangu. Sikuwa na matumaini, ila nimewahi kusikia kwamba magari ya aina moja yakizeeka, vitasa vyake huisha meno na kukubali funguo za jirani. Niliusukuma ndani nikageuza. Kitasa kilizunguka kilaini, kama kilichofunguliwa jana. Bibi akajiziba mdomo kwa kitenge.

Nilitegemea harufu ya panya na uvundo. Iliyotoka ilikuwa harufu ya udongo uliolowa. Nikainama kuutafuta ule mkono wa boneti, na hapo nikaliona tope kwenye pedeli ya klachi, limebandikwa kwa umbo la unyayo. Lilikuwa jeusi. Ua wote wa bibi ni udongo mwekundu. Nikaligusa. Lilikuwa bichi, la baridi.

"Sakafu imeoza," fundi akasema nyuma yangu, haraka haraka. "Unyevu unapanda kutoka chini."

Nikainua kapeti. Chini yake palikuwa pakavu, vumbi tupu.

Bibi alinisogeza, akapiga magoti, akachukua lile tope kidogo kwa kidole na kulinusa. Hakuonekana kushangaa.

"Ni la vinyunguni," akasema. "Huwa nasikia mlango ukifungwa, alfajiri. Watoto wananiambia ni bati."

Akamgeukia fundi, bado amepiga magoti. "Mkikitoa hicho kitu mnachotafuta, gari itaweza kuwaka?"

"Haiwezi, bibi. Bila hicho haiwaki kabisa."

"Basi kitoeni. Asije akaondoka nayo."

Fundi wangu ni mtu wa kupiga mluzi akifanya kazi. Siku hiyo hakupiga. Boliti zilimponyoka mara kwa mara, na kila moja ilipoanguka alitazama kwanza ndani ya gari kabla ya kuinama kuiokota. Alipomaliza, bibi akaniomba nifunge mlango kama tulivyoukuta. Nikafunga, nikageuza ufunguo. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitasa niliposikia springi zikilia, na gari likainama kidogo upande wa dereva, kama linavyofanya mtu akikaa. Nikamtazama fundi. Alikuwa ameshageuka, anaelekea kwenye pikapu.

Tulimuaga bibi kwa haraka isiyo na adabu. Fundi aliendesha moja kwa moja mpaka Makambako. Distributa ilikuwa juu ya mapaja yangu, imefungwa kwenye gazeti, na sikutaka kuiweka popote pengine.

Iliingia bila kulazimishwa. Gari langu liliwaka kwa jaribio la kwanza, na mpaka leo halijanizimikia.

Bibi hunipigia kwa simu yake ya kitochi, alfajiri, kabla sijaenda shuleni. Salamu zake ni fupi.

"Gari imelala nyumbani?"

"Imelala, bibi."

"Mimi siku hizi mlango siusikii tena." Sauti yake haina furaha wala malalamiko. Mara ya mwisho aliongeza, "Na wewe, mwanangu, huko kwako husikii kitu?"

Nikamwambia sisikii. Nilikuwa nasema kweli. Ila kulikuwa bado giza, mvua inanyesha, na nilikuwa sijatoka nje kulitazama gari.