Cuthbert na Midomo ya Dada Yake

Ilikuwa Krismasi ya mwaka 1952. La, nisiwadanganye, ilikuwa 1953, maana peremende zilikuwa hazigawiwi tena kwa kuponi za mgao wa vita, na Cuthbert akawa anawarushia watoto kutoka jukwaani. Mwaka wa nyuma yake angerusha nini, mawe?

Cuthbert Ormerod alikuwa mwigizaji, na mimi nilimvalisha miaka mingi. Hakuwa nyota. Alikuwa polisi anayeingia kuuliza swali moja akatoka, mtumishi anayeleta chai, mchimba kaburi mwenye mafua. Baadaye filamu zilipomchukua, watu walimsimamisha njiani: "Wewe nakujua! Si ndiwe uliyenitengenezea bomba?" Naye hujibu, "Ndiye mimi, mama. Bado linavuja?"

Kila aliyemwigiza alikuwa amemwiba mahali, kikohozi cha huyu, mwendo wa yule. Ndiyo kazi yenyewe.

Mama yao alipokufa, Cuthbert alilelewa na dada yake, Edna, palepale Burnley, kaskazini mwa Uingereza, ulipokuwa ukumbi wetu. Edna alifuma vitambaa kiwandani tangu usichana wake, na kelele za mashine zikamla masikio. Wafumaji wote walizungumza kwa midomo bila sauti, wakiivuta midomo mpaka magego yaonekane. Hata dukani, hata kanisani, umbea ukinoga sauti inakatika, midomo inaendelea. Mimi mtu wa kusini sikuwahi kuisoma. Cuthbert aliijua kabla hajajua herufi.

Basi mwaka huo akapewa kuwa mama. Katika mchezo wa Krismasi mama mchekeshaji huwa ni mwanamume, kavaa gauni, kapakwa rangi. Cuthbert akamvaa Edna mzima: kitambaa cha kichwa, aproni, mkono unaosukuma matiti juu kila anapotaka kusema neno. Watu walicheka, ila sehemu ya ukutani, anapopiga soga na jirani, ilipooza. Msimamizi akamwambia, "Tia chumvi, Cuthbert."

Onyesho la mchana akaegemea ukuta, akaanza kusema kwa midomo tu. Ukumbi ukalipuka. Nikamwuliza Harold, mvuta mapazia, mzaliwa wa palepale, "Anasemaje?"

"Bwana harusi kaingia mitini!" Harold alikuwa analia kwa kicheko. "Na bibi harusi keki kaila peke yake jikoni, kipande kila jioni, mpaka gauni likagoma kufunga!"

Sasa, kwamba Amos alimwacha Edna siku ya harusi, Burnley nzima ilijua. Lakini keki Edna alisema kaipeleka hospitali. Ukweli wake alimwambia mdogo wake tu.

Na Edna alikuwa safu ya pili, na wenzake wa kiwandani. Walicheka nao, halafu mmoja mmoja wakanyamaza, wakamgeukia. Edna akaendelea kupiga makofi.

Baadaye akaja chumba cha kubadilishia nguo na sufuria ya nyama na viazi.

"Umekonda, wewe. Kula."

"Dada, mimi sikujua kama leo—"

"Kinapoa."

Edna hakukanyaga tena ukumbini. Cuthbert naye, kila Krismasi walimwomba awe mama, kila Krismasi alikataa. "Nipeni hata maiti," alisema, na kweli msimu mmoja alilala jukwaani akiwa maiti, nikawa nampiga poda masikio. Jumapili alikwenda kwa dada yake kuomba msamaha. Akifungua kinywa tu, Edna anageukia jiko. Na kiziwi akikupa mgongo, utamwambia nini? Alirudi amelowa mvua, ananiambia, "Leo tena, Sid. Leo tena."

Edna alipofariki, tulikaa nyumbani kwake baada ya maziko, chai na mikate ya nyama ya nguruwe. Wafumaji watatu wazee walikuwa pembeni, midomo inakwenda, macho kwa Cuthbert. Yeye angeweza kuwasoma hata kutoka ng'ambo ya barabara. Aligeuza kiti akatazama dirisha.

"Kawaulize wewe, Sid. Mimi siwezi kuwatazama."

Nikaenda kwa Florrie, mmoja wao, aliyesimama kwenye mashine ya jirani na Edna maisha yake yote. Nikamwuliza. Alikuwa ananitazama mdomoni, kwa hiyo alielewa. Akanisogezea sukari, basi. Nikarudia polepole, nikivuta midomo kama wao:

"Mama, Edna alimsamehe?"

Midomo ya Florrie ikaenda, bila sauti; mimi sikuweza kuisoma, na aliyeweza alikuwa anatazama dirisha.