Sekunde Kumi na Tano za Mwisho

Shangazi yangu alikuwa mnakili wa sauti katika ofisi ya mashtaka. Watu walihojiwa chumba cha chini, sauti ikarekodiwa, naye huko juu akasikiliza na kuchapa neno kwa neno. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilimpa masikio makali na mdomo usio na breki. "Nyie mnaoandika kwa kubahatisha," aliwaambia wenzake, "siku moja mtamfunga mtu wa watu."

Kichezeshi cha sauti alikipachika ndani ya jedwali lake la kompyuta. Kila safu ilikuwa ya mtu mmoja aliyehojiwa. Ukibonyeza kitufe, makro aliyoiandika mwenyewe, yaani mfululizo wa amri za kompyuta, inaanzisha sauti, inaisimamisha, inairudisha nyuma sekunde tatu. Hakufundishwa na mtu. Ni ukaidi wake tu. Mgeni akija nyumbani alisimuliwa makro kabla hajapewa maji ya kunywa.

Kasoro ilikuwa moja. Sauti ikifika mwisho kabisa, kichezeshi kilijifunga, jedwali zima likaganda na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Basi akaongeza amri moja: zikibaki sekunde kumi na tano, simama. Wakati ule sekunde hizo hazikuwa na kitu cha maana. Kila mahojiano yalifungwa kwa ofisa kusoma maneno yale yale, tarehe, saa na namba ya jalada, kwa hiyo akaiagiza makro iyaandike yenyewe. Nilimpigia makofi siku hiyo. Leo nikikumbuka makofi yale najichukia.

Jumanne moja alimkuta mwanamke kwenye benchi la korido, amefika kabla ofisi haijafunguliwa. Mume wake alikuwa mlinzi wa ghala lililoungua. Wafanyakazi wawili walikufia nyuma ya mlango uliofungwa, naye akahukumiwa miaka kumi na minne kwa kuwafungia.

"Dada, mume wangu alisema ufunguo alikuwa nao meneja," mwanamke alisema. "Kwenye karatasi zenu halipo hilo."

"Angesema ningeandika, mdogo wangu. Mimi siruki hata kikohozi."

"Alilisema mwishoni, walipomuuliza kama ana la kuongeza."

"Hatuna swali hilo."

"Aliulizwa, dada."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia shangazi baridi. Akashuka chumba cha chini. Ofisa wa mahojiano alikuwa anakoroga chai, wala hakuinua macho.

"Swali la kuongeza? Mbona tunalo tangu mwaka juzi, mama. Yale maneno ya tarehe tuliyaacha, yalikuwa yanatuchosha. Kwani hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Na kwa masikio yake asingeweza kujua, maana tangu aongeze ile amri hakuwahi kufika mwisho wa sauti hata moja.

Alirudi juu. Akafungua safu ya mlinzi, akabonyeza, na jedwali likamjibu kwamba faili halipo. Utaratibu aliujua vizuri: sauti hufutwa siku tisini baada ya mnakili kutia saini kwamba nakala ni kamili. Saini ilikuwa yake. Chini ya saini hiyo yalikuwepo yale maneno ya tarehe na saa, yameandikwa na makro, ambayo hakuna binadamu aliyeyatamka. Na baada ya mlinzi zilifuata safu mia nane nyingine. Nilimuuliza kama alilia. Akasema alijiona mchawi.

Mkuu wake alimshauri aondoe ile amri kimyakimya, mambo yaishe. "Mficha uchi hazai," shangazi akamjibu, akaiandikia mahakama barua na kueleza kosa lake lote, akijua kazi imekwenda.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, sentensi moja tu: nakala iliyothibitishwa kuwa kamili haitatenguliwa pasipo sauti yenyewe.

Shangazi aliipeleka barua hiyo nyumbani kwa mke wa mlinzi kwa mkono wake. Mwanamke aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akairudia tena, kisha akamrudishia.

"Nenda kamwambie wewe, dada," alisema. "Mimi kila nikienda kumwona ananiambia nisihofu, yupo mtu aliyesikia."